Kidogo Si Kipimo

Siku mbili kabla ya harusi ya binti wa kaka yangu niliingia saluni nikiwa na nywele za miaka minne, nikatoka na nywele za miezi sita. Wanaozijua harusi zetu za Tanga watanielewa nikisema kwamba shangazi wa bibi harusi hahudhurii kama mwalikwa. Yeye ni mwenye shughuli. Ndiye anayepokea wageni, ndiye anayetazamwa akiingia na akitoka, na picha zake hukaa ukutani mwa watu kwa miaka. Nywele hizo nilikuwa nimezitunza kwa ajili ya siku hiyo. Sikuzitia dawa, sikuzichoma. Nilizisuka kwa uzi usiku na kuzifumua asubuhi. Zikinyooshwa zilikuwa zinagusa mabega.

Msusi alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, mpole, mwenye mkono mwepesi. Aliniamkia, akanifunga kitambaa shingoni, akauliza, "Leo tunafanya nini, mama?" Nikamjibu kwa maneno ambayo nimeyatumia maisha yangu yote: "Niondolee ncha zilizochoka, mwanangu. Punguza kidogo tu."

Aliniosha, akazinyoosha kwa draya, akashika mkasi. Kipande cha kwanza kilipoanguka mapajani pangu nilikitazama. Kilikuwa na urefu wa kidole changu, ilhali mimi nilikuwa nimekusudia upana wake. Hapo ndipo ningesema neno. Sikusema. Upande wa kulia ukawa mfupi kuliko wa kushoto. Akaufuata wa kushoto. Wa kushoto ukazidi kuwa mfupi; akarudi kulia. Mmepata kumwona fundi chipukizi akisawazisha miguu ya stuli, akipunguza huu kisha ule, mpaka stuli inakuwa kibao cha mbuzi? Basi ndivyo nilivyosawazishwa.

Alipomaliza alinipa kioo cha mkononi nikione kisogo changu. "Vipi mama, umependa?" Nami, mwalimu wa Kiswahili kwa miaka 23, mtu ninayesahihisha sentensi za watoto wa watu kwa kalamu nyekundu, nikajibu, "Nimependa sana. Ahsante, Mungu akubariki." Nikalipa shilingi 15,000, nikaongeza 2,000 ya soda. Nikajitanda mtandio, nikapanda bajaji, nikalia hadi nyumbani.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu, na hoja niliyoifikia ni hii: kichwa kikiharibiwa saluni, mara nyingi huwa ni mkasa wa lugha kabla haujawa mkasa wa mkasi. Mteja hakusema alichokitaka, hakusema alichokiona, na mwishowe akasema asichokiamini. Sisemi kwamba msusi hana kosa; fundi akatae kabla ya kupima ana lake la kujibu. Lakini kosa lake lilikuwa moja, na yangu yalikuwa matatu.

Tuanze na kosa la kwanza, ambalo limo ndani ya neno *kidogo*. Sisi Waswahili tunalitumia neno hili mchana kutwa bila kupima chochote. "Sogea kidogo." "Nisaidie kidogo." "Subiri kidogo," na kila aliyewahi kusubirishwa kidogo katika ofisi anajua kwamba kidogo hicho chaweza kula nusu ya siku. Tunalitia katika maombi ili kuyalainisha, kama mtu anayetia tui katika mchuzi. Ni neno la adabu. Kazi yake ni kumwambia unayemwomba kwamba hutaki kumsumbua. Kwa hiyo nilipomwambia msusi "punguza kidogo", alichokisikia ni kwamba mama huyu ana adabu. Urefu wa kukata hakuusikia, kwa sababu sikuutaja. Ilimbidi aukisie.

Nayo lugha yetu haina upungufu wa vipimo. Kabla ya tepu ya fundi cherehani kufika, mwili wa mtu ulikuwa rula tosha. *Wanda* ni upana wa kidole kimoja, na wingi wake ni *nyanda*. *Futuri* ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha shahada, mkono ukiwa umetandazwa. *Shubiri* ni kutoka gumba hadi kidole cha mwisho. *Dhiraa* ni kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, na *pima* ni mikono yote miwili ikiwa imenyooshwa. Wavuvi walipima kina cha bahari kwa pima, na wauza nguo walipima kitambaa kwa dhiraa. Lau ningesema, "Nikatie wanda mmoja, usizidi," huyo binti angeweka kidole chake juu ya nywele, nami ningekiona, tukakubaliana au tukabishana kabla ya chuma kukutana na unywele.

Wanaume wametutangulia katika hili, ingawa hawajui kwamba wametutangulia. Mume wangu akienda kwa kinyozi husema, "Namba mbili juu, namba moja pembeni," kisha hufumba macho na kusinzia. Namba hizo ni za vile vitana vya plastiki vinavyovalishwa mdomoni mwa mashine ya kunyolea. Namba 1 huacha nywele zenye urefu wa milimita 3 hivi, namba 2 milimita 6, namba 4 milimita 13. Kinyozi wa Tanga na kinyozi wa Mombasa watamwelewa sawasawa. Ni lugha ndogo, kavu, isiyo na mashairi ndani yake, lakini inawalinda pande zote mbili. Anayenyolewa amejua anachoagiza, na anayenyoa amejua anachodaiwa.

Wengine husema siku hizi maneno hayahitajiki, kwa kuwa mtu huonyesha picha kwenye simu. Nami nimewahi kuionyesha. Picha ina hila yake. Nywele za kipilipili na nywele za singa hazikai namna moja; za kipilipili zikinyooshwa na draya huonekana ndefu, zikiguswa na maji hujikunja na kurudi juu, hata urefu ukapungua mbele ya macho yako. Kichwa kilicho pichani kina panja zake, paji lake, na unene wake wa nywele. Ukimwonyesha msusi picha bila kumwambia ni kitu gani katika picha hiyo ulichokipenda, umemkabidhi shairi la mtu mwingine na kumwambia atunge kama lile kwa vina vyako.

Na maneno ya kuielezea picha tunayo pia, ila tumeyaacha yazeeke. Ni wangapi kati yetu wanaojua kutaja kichwa chao? Juu kabisa ni *utosi*. Nyuma ni *kisogo*. Mbele ni *paji la uso*, na zile pembe mbili za juu yake, ambako nywele huanza kurudi nyuma umri unapokwenda, ndizo *panja*. Nywele zinazoshuka mbele ya sikio kuelekea shavuni ni *sharafa*. Mabibi zetu walijua kunyoa *denge*, nywele zikaachwa sehemu ya utosini tu. Vijana wetu wana *kiduku* chao. Wasusi wana *mabutu*, wana *twende kilioni*, mtindo ambao jina lake peke yake lasimulia haraka ya msiba. Na vitenzi vimegawanyika vizuri zaidi kuliko tunavyovitumia. *Kunyoa* si *kupunguza*, *kupunguza* si *kusawazisha*, *kusawazisha* si *kuchonga*. Mtu anayesema "nitengeneze tu" ameyarundika yote katika kapu moja, kisha anashangaa anapotolewa asichokitaka.

Kosa langu la pili lilikuwa kunyamaza mkasi ulipokuwa ukiendelea. Naomba msomaji aufikirie wakati huo, maana ndio wenye thamani kuliko wote. Kabla ya kukata, kila kitu ni maelezo. Baada ya kukata, kila kitu ni majuto. Katikati kuna dakika chache ambamo kosa limeonekana lakini bado ni dogo, na neno moja lingetosha: *ngoja*. Ni neno la silabi mbili. Halimtukani mtu, halimtuhumu mtu. Nilikuwa nalo kinywani, likakaa.

Kwa nini lilikaa? Nimejiuliza sana. Sehemu ya jibu ni kwamba kiti cha saluni humnyang'anya mtu cheo chake. Umefungwa kitambaa shingoni, kichwa umeinamisha, na mwenye chuma amesimama nyuma yako. Lugha yetu inaijua hali hiyo tangu zamani. Tukitaka kusema mtu ameshindwa vibaya, awe mgombea wa ubunge au timu ya mpira, twasema amenyolewa bila maji. Tukitaka kuonya, twasema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Anayenyolewa, katika misemo hii, hana kauli. La kwake ni kuvumilia. Na methali nyingine humtuliza kwa kumwambia kwamba maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi nadhani methali hiyo ya kutia maji tumeisoma nusu. Haikuambii uvumilie. Inakuambia ujiandae mapema ili wembe usikuumize. Katika saluni ya leo maji hayo ni maneno.

Nilipofika nyumbani usiku ule nilijaribu kujicheka kidogo, nikatunga ubeti huu:

Nilisema ni kidogo, mkasi ukanipata,
Ukatambaa kisogo, na utosi ukapita,
Nikakaa kama gogo, neno nisiweze pata,
Mdomo uliojuta, ni wangu, si wa mkasi.

Kosa la tatu ndilo zito zaidi, nalo ni lile "nimependa sana". Hapa nitaomba subira ya msomaji, kwa sababu nataka tuingie katika sarufi, na sarufi ndiyo iliyonifumbua macho.

Nilikuwa na sentensi tatu za kuchagua. Ya kwanza: "Nywele zimekatika." Ya pili: "Nywele zimekatwa." Ya tatu: "Umezikata nywele." Kitenzi ni kimoja, lakini tazama jinsi lawama inavyotembea. *Zimekatika* haina mtenda. Nywele zimejikatikia zenyewe, kama uzi uliooza. *Zimekatwa* inakiri kwamba yupo aliyekata, ila haimtaji. *Umezikata* inamnyooshea kidole. Kiswahili kimetupa ngazi tatu za kuusema ukweli uleule, kila mtu akanyage anapoona pana usalama. Ningeweza kusema, "Samahani mwanangu, naona hapa kisogoni pamekatwa sana, naomba unisawazishie." Hakuna tusi humo. Hakuna mtu aliyetajwa. Kuna mahali palipotajwa, kuna kasoro iliyotajwa, na kuna ombi. Msusi angejua la kufanya, na heshima yake ingebaki mahali pake.

Badala yake niliiruka ngazi yote. Pale saluni nilisema uongo mtamu, nilipofika nyumbani nikadondokea ngazi ya chini kabisa: "Binti yule kanikata! Kaniharibu!" Nilimwambia dada yangu. Nilimwambia wifi yangu. Harusini Pangani, nikiwa nimefunga kilemba kikubwa, kila aliyeniuliza kulikoni nimefunika kichwa siku kama ile nilimsimulia, na nilimtajia saluni. Siku nne zilitosha kuwaambia watu wote niwajuao, isipokuwa mtu mmoja aliyestahili kuambiwa.

Najua watakaonipinga. Watasema uungwana wa pwani ni kumstahi mwenzio, na muungwana halalamiki mbele ya watu kwa sababu ya nywele. Nauheshimu uungwana huo. Nimelelewa ndani yake. Lakini tusiuchanganye na woga. Kustahi ni kuchagua namna ya kusema. Tazameni kanga zetu: wanawake wa pwani wamekuwa wakisema mazito kwa maneno machache yaliyoandikwa chini ya mji wa kanga, bila kupaza sauti. Hatukukosa kamwe njia ya kusema. Na hata fumbo la kanga lina mahali pake. Kwa msusi halifai, kwa kuwa yeye hahitaji kufumbua, anahitaji kujua mkasi auweke wapi.

Wengine watasema kwamba binti yule ni mnyonge, na kumlalamikia kungemgharimu ujira wake. Pingamizi hili ndilo lililonigusa, maana ndilo nililojipoza nalo kwenye bajaji. Lilinipendeza kwa sababu lilinifanya nijione mwema. Nisikilizeni basi lililofuata.

Miezi mitatu baadaye nilipita pale saluni kununua mafuta. Kwenye kiti cha yule binti alikuwapo mwingine. Nikamwuliza mwenye saluni, kwa sauti ya mtu asiyejali sana, yule wa zamani yuko wapi. Akaniambia, "Nilimwondoa, dada. Kusuka alikuwa na mkono mzuri, ila wateja wa kukata walikuwa hawarudi. Nikiwauliza, hakuna anayesema sababu. Mpaka nikasikia huko mtaani kwamba kamharibu mwalimu mmoja nywele zake siku ya harusi." Hakujua kwamba mwalimu huyo ni mimi, nywele zangu zilikuwa zimeanza kujaa na nilikuwa nimezisuka. Nikalipia mafuta yangu nikatoka.

Huo ndio ujira niliomlindia. Binti amefanya kazi miezi mingi katikati ya watu wanaomwambia "nimependa sana, Mungu akubariki", na wote hao hawarudi. Angejifunza kutoka wapi? Fundi hufunzwa na macho ya mwalimu wake na ulimi wa mteja wake. Mimi nilimnyima la pili, nikampa shilingi 2,000 za soda badala yake.

Nasi tunaopenda ushairi tuna la kujifunza kwenye kiti hiki. Ni mara ngapi kijana ametuletea shairi ambalo mizani yake inachechemea, ubeti mmoja una mshororo wa mizani 15 na mwingine wa 17, vina vya kati vimepotea njiani, nasi tukamjibu, "Hongera malenga, kazi nzuri"? Kisha tukikaa barazani wenyewe kwa wenyewe twasema ushairi wa siku hizi umekufa. Haukufa. Umekatwa vibaya na watu ambao hakuna aliyewaambia *ngoja*. Ngazi ya kati ipo hapa vilevile: "Mshororo wa tatu naona umezidi mizani moja, jaribu kuutazama." Hii ni sentensi fupi, na yaweza kumwokoa mtunzi asiachwe na wasomaji bila kujua sababu.

Sasa, msomaji ambaye tayari yamemfika, na pengine anasoma haya akiwa na mtandio kichwani, atauliza afanye nini. Nitasema machache niliyoyajua kwa gharama.

Kwanza, asikate tena siku hiyohiyo kwa hasira. Nywele za kichwani huota kwa sentimita moja hivi, au zaidi kidogo, kila mwezi. Kilichoondoka kwa nyanda mbili kitarudi kwa takriban miezi mitatu. Hakuna mafuta yatakayoifupisha miezi hiyo iwe wiki, hata mwuzaji aape. Pili, arudi kwa aliyemkata, ndani ya siku chache, na kumwambia kwa ngazi ya kati. Wasusi walio wengi watasawazisha bila kudai malipo, na wengine watamshukuru. Tatu, asikimbilie kuzificha nywele fupi kwa misuko iliyobana. Nywele zinazovutwa sana, hasa za kwenye panja na nyuma ya masikio, hukatika kwenye mizizi, na zikivutwa hivyo kwa muda mrefu huweza zisiote tena. Kilemba ni cha huruma zaidi. Nne, kama kilichoharibika si nywele bali ngozi, yaani dawa ya kulainisha imeunguza utosi ukatoka malengelenge, hilo si la msusi tena wala si la subira. Asuuze kwa maji mengi na aende hospitali. Dawa hizo ni kali, na huunguza ngozi kama moto.

Na la mwisho ni kwenda kwa aliyemsengenya. Hili nililifanya baada ya miezi sita, na sikulifanya kwa ushujaa. Nilikuwa nimekosa usingizi. Niliambiwa yule binti anasukia watu barazani kwa mama yake mdogo. Nikamkuta ameketi juu ya mkeka, mtoto wa shule kalaza kichwa mapajani pake. Akaniamkia vilevile kama zamani. Nikamweleza yote: urefu wa kidole, kilemba cha Pangani, maneno yangu kwa mawifi. Hakukasirika kama nilivyotarajia. Aliendelea kukata njia kichwani mwa mtoto kwa mkia wa kitana, kisha akaniuliza, "Sasa mama, si ulisema umependa? Tena ukanipa ya soda." Sikuwa na jibu. Nikamwomba radhi, naye akasema yamepita, kwa sauti ya mtu ambaye kwake bado hayajapita.

Nilirudi wiki iliyofuata nikiwa na ncha zangu zilizochoka. Nikaketi kwenye kigoda, akanitandikia khanga mabegani, akauliza tunafanya nini. Nikavuta pumzi, nikasema kwa ufasaha wa mwalimu: "Nikatie wanda mmoja."

Hakulijua neno hilo. Nikamweleza kwamba ni upana wa kidole. Akakitazama kidole chake chembamba, akakitazama changu kilichonenepa kwa chaki na umri, akauliza, "Cha nani, mama? Changu au chako?"

Niliwahi kudhani kwamba nikishapata neno sahihi kazi imekwisha. Kumbe neno sahihi huanzisha mazungumzo. Tukaviweka vidole vyote viwili juu ya nywele, tukavilinganisha, tukakubaliana kutumia chake. Akakata, akasimama, akanionyesha kipande kabla ya kuendelea. Nikakitazama kwenye mwanga, nikamwambia, "Hapo sawa. Ila nyuma ya sikio la kushoto naona pamebaki."

Akacheka, akaupeleka mkasi nyuma ya sikio.